Kuandika hati za heshima za serikali kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mwanza na kando ya Ziwa

Haya ni maswali tunayoulizwa zaidi na maofisa wanaoagiza kazi, vijana wanaotaka kujifunza kaligrafia (sanaa ya mwandiko mzuri), na watu wa steshenari wanaotuletea vyeti vilivyokwisha kuchapwa ili viandikwe majina.

Mwandishi wa hati za serikali hufanya kazi gani hasa?

Anaandika kwa mkono maneno ambayo ofisi inataka yaheshimiwe na kutunzwa: jina kwenye cheti cha mfanyakazi bora wa Mei Mosi, hati ya pongezi kwa shule au kijiji, risala itakayosomwa mbele ya mgeni rasmi kisha akabidhiwe, mialiko na bahasha zake, kadi za mezani, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wageni. Hapa Mwanza kazi husongamana kuanzia katikati ya Aprili kwa ajili ya Mei Mosi, hurudi kabla ya Nane Nane pale Nyamhongolo, halafu Desemba kwa sherehe za Uhuru.

Anayetazama kwa nje huona kalamu tu. Sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kuhakiki majina na vyeo, kukata karatasi, kuchora mistari na kusubiri wino ukauke. Cheti kimoja cha A4 chenye maneno 40 hivi huchukua saa mbili hadi tatu, na kuandika kwenyewe ni kama saa moja tu ya hizo.

Je, zipo serikali zinazoajiri mtu kwa kazi hii peke yake?

Zipo. Japani ina watumishi katika Ofisi ya Baraza la Mawaziri wanaoandika hati za uteuzi kwa brashi. Ilipotangazwa enzi mpya ya Heisei Januari 1989, herufi mbili zilizooneshwa kwa taifa ziliandikwa na mmoja wa watumishi hao, Kawahigashi Junichi. Na Aprili 1, 2019, siku ya kutangazwa enzi iliyofuata, Reiwa, aliyeshika brashi alikuwa Mozumi. Marekani nayo ina waandishi wa mkono ndani ya White House, wanaoshughulikia mialiko, menyu na kadi za mezani za dhifa za kitaifa.

Huku kwetu mara nyingi kazi hupelekwa kwa mtu wa nje, hati kwa hati, au hupewa mtumishi wa masjala au mwalimu anayejulikana kwa mwandiko mzuri. Wajibu haubadiliki: hati ikishatoka ikiwa na sahihi, kosa lililomo ni kosa la ofisi.

Nianze kujifunza mwandiko gani?

Anza na mwandiko wa msingi, ule wa mviringo uliosimama wima, ambao Edward Johnston wa Uingereza aliuunda mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na hati za kale za Kilatini. Unasomeka kwa mbali, na makosa yake huonekana upesi, hivyo unajirekebisha upesi. Ukishaumudu, nenda kwenye italiki, iliyobana zaidi na inayofaa majina marefu.

Jambo ambalo vitabu vya mazoezi vya kigeni havitakuambia ni kwamba Kiswahili kina mzigo wake wa herufi. Karibu kila neno letu huishia na irabu, na *a* ndiyo itakayokuandama kuliko zote. Herufi *k*, *w*, *m*, *n*, *i* na *u* huifuata kwa karibu. *Q* na *x* hazina kazi mpaka ukutane na majina kama Felix, na *c* haitembei bila *h*. Kwa hiyo usigawe muda wa mazoezi sawasawa kwa herufi 26. Andika kurasa tatu za *a* kabla ya ukurasa mmoja wa *z*, kisha fanya maneno kama *wananchi*, *makamanda*, *kuwakilisha*.

Epuka Gothiki kwa maandishi ya Kiswahili yaliyo marefu. Mwandiko huo huzigeuza *i*, *m*, *n* na *u* kuwa nguzo za wima zinazofanana. Neno *umuhimu* peke yake lina nguzo 15, na msomaji ataona uzio wa matete badala ya neno. Ofisi ikiipenda sana sura hiyo, itumie kwa kichwa kifupi tu, kama CHETI au HATI YA PONGEZI, na hata hapo herufi ya kwanza tu ya kila neno iwe kubwa: herufi kubwa za Gothiki zikipangwa mfululizo hazisomeki.

Vipimo vinapangwaje?

Kipimo cha kila kitu ni upana wa nibu, yaani ncha bapa ya kalamu. Geuza kalamu ukingo wa nibu usimame wima, piga miraba midogo minne inayopandana kama ngazi: huo ndio mwili wa herufi kwa mwandiko wa msingi. Kichwa cha herufi (sehemu ya juu ya *h*, *k*, *l*) huongeza upana wa nibu tatu hivi, na mkia (*g*, *p*, *y*) tatu nyingine. Ukingo wa nibu ushikwe kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa msingi. Ukiwa sahihi, mstari wa mlalo utakuwa mwembamba, unaozidi kidogo nusu ya unene wa mstari wa wima. Ukiona ya mlalo imekuwa minene kuliko ya wima, mkono umejipindua ukapita nyuzi 45. Italiki huchukua nibu tano za mwili, pembe ya nyuzi 45, na herufi huinama kidogo, nyuzi 5 hadi 10.

Sasa piga hesabu ya karatasi halisi. A4 iliyolala ina upana wa mm 297 na kimo cha mm 210. Acha mm 25 juu na pembeni, mm 35 chini. Zinabaki mm 247 kwa mm 150. Sahihi mbili na mhuri vinahitaji mm 40 za kimo, hivyo maandishi yana mm 110. Jina kwa nibu ya mm 3 linachukua mwili wa mm 12, na kichwa na mkia mm 9 kila kimoja, jumla mm 30. Zimebaki mm 80. Mistari ya kawaida kwa nibu ya mm 1.5 inahitaji mm 15 kila mmoja, maana yake mistari mitano. Kwa nibu ya mm 1 inahitaji mm 10, maana yake minane. Ofisi ikikuletea aya ya mistari kumi na miwili, rudisha rasimu wapunguze maneno. Usikubali kubana mistari, kwa sababu mikia ya juu itagongana na vichwa vya chini na hati nzima itaonekana imeandikwa kwa haraka.

Upana wa jina nao unakadirika. Katika mwandiko wa msingi, herufi moja pamoja na nafasi yake huchukua wastani wa asilimia 80 ya kimo cha mwili. Jina lenye herufi 18, ukihesabu na nafasi, kwa mwili wa mm 12 litakuwa kama mm 173: linaingia. Jina la herufi 32 litafika mm 307: haliingii. Shuka nibu ya mm 2, mwili mm 8, linakuwa kama mm 205 na linakaa vizuri. Katika kundi moja la vyeti, chagua nibu kwa kulitazama jina refu kuliko yote na uitumie kwa wote. Ukimwandikia mmoja kwa herufi kubwa na mwenzake kwa ndogo, mwenye ndogo atajiona amepunjwa, na ana haki.

Kukadiria hakutoshi kwa kuweka jina katikati. Liandike kwanza kwenye karatasi ya majaribio kwa nibu ileile, kunja ukingo wa mwanzo ukutane na wa mwisho, weka alama kwenye mkunjo, kisha ulaze kipande hicho juu tu ya mstari wa hati, alama ya mkunjo ikilingana na katikati ya karatasi. Andika ukikifuata.

Ninahitaji vifaa gani?

Kishikio cha kalamu, nibu bapa tatu (mm 1, mm 1.5 au 2, na mm 3), penseli ya 2H, rula ya chuma, kifutio laini, karatasi chakavu ya kuwekea mkono, kitambaa kisichotoa nyuzi, na ubao wa kuandikia ulioinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Ubao ulioinama una sababu: wino hushuka polepole na mgongo haulalamiki. Meza ikiwa bapa kabisa, wino hudondoka mara tu nibu inapogusa karatasi.

Kalamu za katriji kama Pilot Parallel (mm 1.5, 2.4, 3.8 na 6.0) ni nzuri kwa mazoezi na safari. Wino unaokuja nao ni wa rangi ya kuyeyuka majini, hivyo hati ya kudumu tusiiandike kwa wino huo. Mwanafunzi asiye na chochote afunge penseli mbili pamoja kwa mpira wa pesa: ncha mbili zitamwonesha umbo la nibu bapa, na atajua kwa macho mahali mstari unaponenepa na kukonda.

Nibu mpya huwa imepakwa mafuta kiwandani isipate kutu. Usipoyaondoa, wino hujikusanya matone matone na kukataa kuteremka. Isugue kwa dawa ya meno na maji, au ichome ndani ya kiazi kibichi kwa dakika moja, kisha ifute.

Wino upi unafaa hati ya serikali?

Mweusi wa kaboni, yaani wa masizi. Haupauki kwa jua na hauli karatasi. Wenye sandarusi au utomvu ndani yake usiutie kamwe kwenye kalamu ya katriji, kwani ukikauka humo kalamu imekwisha.

Wino wa kalamu za kawaida, ule wa bluu wa shule, hupauka ukutani. Wino wa chuma na tanini, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, huanza hafifu na kuwa mweusi kadiri unavyokutana na hewa. Ni imara, ila ukiwa na asidi nyingi hula karatasi polepole na pia hula nibu.

Kwa rangi tumia guashi (rangi nzito ya maji) iliyochanganywa na maji mpaka iwe mfano wa maziwa yenye malai. Ikiwa nzito itaziba mpasuo wa nibu. Ikiwa nyepesi, mwanzo wa herufi utakuwa hafifu na mwisho wake umejaa dimbwi. Ikiwa inaachia unga ukiigusa imekauka, ongeza tone au mawili ya gundi ya mgunga. Jaza nibu kwa brashi ndogo badala ya kuichovya. Herufi zote zitapata kiasi kinacholingana.

Karatasi gani, na je, naweza kuandika juu ya cheti kilichochapwa?

Karatasi isiyo na asidi, ya gramu 160 hadi 300. Ile ya fotokopi ya gramu 70 au 80 hujikunja ikipata unyevu na haivumilii kufutwa.

Kuandika juu ya cheti kilichochapwa inawezekana, na ndivyo kazi nyingi za Mei Mosi zinavyofanyika. Shida huanzia kwenye oda ya steshenari. Karatasi ya kung'aa haikubali wino: hukaa juu kama maji kwenye jani la mgomba na kufutika kesho yake. Waambie wachape kwenye karatasi isiyong'aa. Mashine ya leza huacha tona yenye nta, na wino ukivuka juu ya tona hukatika vipandevipande, kwa hiyo mahali pa jina pasiwe na nukta za kujazia wala maua ya rangi hafifu. Chapa ya inki ya majimaji nayo huchafuka ukiipitishia kifutio. Omba nakala 10 hadi 15 za ziada kwa kila 100, na uijaribu moja kabla hawajachapa zote.

Hewa ya ziwa inaathiri kazi?

Sana, na anayehamia Mwanza kutoka Dodoma huliona wiki ya kwanza. Msimu wa mvua, karatasi hunyonya unyevu, nyuzi zake hulegea, na wino hutambaa pembeni mwa mstari kama mizizi. Hifadhi karatasi ikiwa imelala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya mbao mbili, mbali na ukuta. Siku moja kabla ya kuandika, itoe ikae chumba kilekile utakachofanyia kazi. Ikiendelea kutambaza wino, tone la gundi ya mgunga ndani ya wino husaidia, na nibu isijazwe sana.

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ofisi za Capri Point na Kirumba zenye madirisha wazi hupata upepo wa kutosha kugeuza karatasi yenye wino mbichi. Feni ya dari ni mbaya kwa namna nyingine: hukausha wino kwenye nibu katikati ya herufi. Andika asubuhi, feni imezimwa, mwanga ukitoka kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.

Usiku ni wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa kwa makundi. Akitua kwenye wino mbichi, usimpanguse. Acha wino ukauke kabisa, kisha mwondoe kwa ncha ya wembe. Atabanduka akiacha alama ndogo ya kurekebishika. Ukimpangusa mbichi, umeharibu mstari mzima.

Nibu nazo hushika kutu haraka. Zioshe, zikaushe palepale, na uzitunze ndani ya kopo lenye mchele mkavu.

Majina yahakikiwe vipi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Herufi nzuri kwenye jina lililokosewa ni takataka. Herufi za wastani kwenye jina sahihi zitatundikwa sebuleni kwa miaka 40.

Usipokee majina kwa simu wala kwa sauti iliyorekodiwa. Yaombe yamechapwa, yakiwa na sahihi ya ofisa aliyeyahakiki. Kisha yasome kwa macho ya mtu wa Kanda ya Ziwa. Kwenye majina ya Kisukuma, kipeo cha *ng'*, yaani ile alama ndogo baada ya *g*, ndicho kinachopotea zaidi: Ng'wandu si Ngwandu, na kompyuta nyingi hukidondosha au hukigeuza kikatazama upande usio wake. Ukiona Ngw- mwanzoni mwa jina, uliza. Ukikiandika, kiweke juu, sawa na vichwa vya herufi, kifupi kama upana wa nibu moja, kikiegemea *g*. Kikishuka hadi usawa wa mwili, msomaji ataona mkato na jina litakatika vipande viwili.

Angalia *l* na *r*. Majina ya Kihaya yana Rw- na Ru- (Rwegasira, Rugemalira), na mchapaji aliyezoea Kisukuma huweza kuyaandika kwa *l* bila kujua. Kinyume chake hutokea pia. Kulwa na Doto wanaweza kuwa pacha waliotunukiwa siku moja, wenye jina moja la baba: hakikisha kila mmoja ana hati yake na namba yake, maana zikibadilishana mkono jukwaani hakuna wa kutambua mpaka wafike nyumbani. Jina la katikati lisifupishwe bila idhini ya mwenyewe. Na usirekebishe jina unaloliona "limekosewa": kama mzazi aliandikisha Elizabert, ndiye Elizabert.

Utaratibu unaookoa ni huu: mtu mmoja husoma orodha herufi kwa herufi, mwingine hutazama hati iliyokwisha kuandikwa. Aliyeandika asijihakiki mwenyewe, kwa sababu jicho lake huona alichokusudia.

Vyeo viandikwe vipi?

Fuata orodha ya itifaki ya ofisi iliyokuagiza. Kwenye hati, andika cheo kwa kirefu: Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, Balozi. Vifupisho kama Mhe. na Dkt. viende kwenye bahasha na kadi za mezani. Askofu wa Kanisa Katoliki huitwa Mhashamu, na Mheshimiwa haikai mahali pake. Kwa viongozi wa jadi wa Usukuma, Mtemi ni cheo chenye uzito, kisiachwe. Asiye na cheo aandikwe Ndugu, Bwana au Bibi kwa namna moja kwa wote, wasiwepo waliovishwa na walioachwa watupu.

Neno likigoma kuisha kwenye mstari?

Maneno yetu ni marefu na hili halikwepeki: *anatambuliwa*, *waliojitolea*, *kulikofanyika*. Kata kwa silabi, na konsonanti zinazotamkwa pamoja zisitengane: *mb*, *nd*, *ng*, *ng'*, *nj*, *nz*, *sh*, *ch*, *th*, *dh*, *gh*, *ny*. *Ki-wanda* ni sawa, *kiwan-da* si sawa. *M* ya *mtu* au *mkoa* isibaki peke yake mwisho wa mstari. Jina la mtu halikatwi kabisa, wala tarehe. Katika kupanga, heri ukingo wa kulia usiolingana kuliko maneno yaliyotanuliwa kama ngozi ya ngoma ili tu yafike mwisho.

Nikikosea ninafuta au ninaanza upya?

Inategemea hati. Kadi ya mezani au cheti cha pongezi kinaweza kukwanguliwa, iwapo wino ni wa kaboni na karatasi inafika gramu 160. Subiri ukauke usiku kucha. Laza wembe mpya karibu bapa na karatasi, kwangua kwa pigo fupi za upande mmoja, usichimbe. Malizia kwa kifutio laini, kisha sugua mgongo wa kijiko juu ya kipande cha karatasi safi kilichowekwa hapo, ili nyuzi zilizosimama zilale. Andika upya kwa nibu yenye wino mchache. Usipolaza nyuzi, herufi mpya itatambaa na kosa litaonekana kuliko lilivyokuwa.

Hati yenye nguvu ya kisheria haikwanguliwi kimyakimya. Katiba ya Marekani iliandikwa kwa mkono mwaka 1787 na Jacob Shallus, karani wa bunge la Pennsylvania, kwa malipo ya dola 30, na alipokosea hakuficha. Kabla ya sehemu ya sahihi kuna maelezo yanayotaja maneno yaliyoongezwa katikati ya mistari, na neno moja lililoandikwa juu ya sehemu iliyokwanguliwa, yakitaja na ukurasa na mstari. Mtu asiye na nia njema hawezi kudai baadaye kwamba neno liliingizwa kwa hila. Huku kwetu njia nyepesi ni kuandika upya, na karatasi iliyoharibika irudishwe kwa ofisa, isitupwe kwenye pipa la jalala ikiwa na kichwa cha ofisi.

Kadi 200 za mezani zinaweza kuwa tayari kesho?

Kwa mtu mmoja, hapana. Aliyezoea huandika kadi 15 hadi 20 kwa saa zikiwa na jina na cheo, na baada ya saa nne mkono huanza kutetemeka. Bahasha za mistari mitatu ni 8 hadi 12 kwa saa. Hesabu siku tatu hadi nne za kuandika, na siku moja zaidi ya kuhakiki. Acha kadi 20 tupu na uende nazo ukumbini pamoja na kalamu, kwa sababu ujumbe wa mkoa huongezeka asubuhi ileile.

Majina kwenye kadi yawe upande wa kumtazama jirani wa mbele pia, yaani pande zote mbili za kadi iliyokunjwa.

Naweza kuchora Nembo ya Taifa na kuweka sahihi ya kiongozi kwa mwandiko mzuri?

Hapana kwa yote mawili. Matumizi ya Nembo yanadhibitiwa kwa sheria. Tumia karatasi iliyochapwa na ofisi yenyewe. Sahihi ni ya mwenye sahihi, hata akiwa na haraka. Kazi yako ni kumwachia mstari wa mm 70 na nafasi ya mhuri ya sentimita 5 kwa 5 isiyo na maandishi.

Malipo yanakwendaje?

Ofisi ya umma hulipa kwa taratibu za ununuzi: uwe na TIN, ujisajili kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni), usubiri oda ya maandishi, kisha upeleke ankara na risiti ya EFD. Usianze kuandika kwa ahadi ya mdomo. Kwenye ankara tenganisha bei ya karatasi, ya kuandika na ya marekebisho yanayotokana na orodha kubadilika. Hicho cha mwisho ndicho kinachosababisha ugomvi.

Kalamu ya tete inatengenezwaje?

Matete ya kando ya ziwa hutoa kalamu nzuri ya herufi kubwa, mm 4 na kuendelea. Usifyeke: sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wewe unahitaji mashina mawili tu. Mwombe anayesuka uzio wa matete akupe mabaki makavu.

Chagua lenye unene wa penseli hadi kidole kidogo, likate sentimita 18 hadi 20. Loweka ncha nusu saa isije ikapasuka. Kata mshazari wenye urefu wa sentimita 3, kwangua uboho mweupe wa ndani mpaka ubaki ukuta mgumu, chonga pembeni zote mbili mpaka upana unaoutaka, kisha pasua katikati ya ncha kwa mm 8 hadi 10. Mwisho laza ncha juu ya kigae au kioo na uikate kwa pigo moja la kisu. Ukiikata kwa kusaga huku na huku, ukingo utakuwa na meno na kila mstari utatoka na michirizi. Usiiache ndani ya wino, hulainika.

Kwa khati ya Kiarabu ncha hukatwa kwa mshazari badala ya kunyooka, na kipimo ni nukta ya kalamu: alifu, herufi ya kwanza, katika mwandiko wa thuluthi huhesabiwa nukta saba, katika ule wa naskhi tano. Diwani, uliozaliwa katika ofisi za dola la Uthmani kwa ajili ya amri za sultani, ni mwandiko wa serikali kwa asili yake, lakini ujifunze kwa mwalimu, si kwa picha.

Tuifanyie lamineshoni?

Tafadhali msifanye. Plastiki ya moto haitoki tena, hufubaa, na mapovu yakiingia hakuna tiba. Iwekeni kwenye fremu yenye kioo, pakiwa na ukingo wa kadibodi unaotenga wino na kioo, kwa sababu unyevu wa hapa hugandisha wino kwenye kioo. Ukuta usiopigwa na jua la jioni ndio unaofaa.

Nimekabidhiwa hati, na jina langu limekosewa. Nifanye nini?

Irudishe kwenye ofisi iliyoitoa, si kwa mwandishi. Beba kitambulisho. Ofisi iandike barua fupi ya kuomba nyingine, mwandishi aandike upya kwa tarehe ileile ya hafla na namba ileile, na anayesaini asaini tena. Hati ya zamani hukatwa kona ya chini kulia na kubaki kwenye jalada. Usikubali kurekebishiwa kwa kalamu ya kawaida palepale kaunta, hata ikiwa ni kipeo kimoja tu cha *ng'*.